Fuko anauzika mtego wangu kila usiku, nakosea wapi?

karoti_zangu
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana hapa nilipofika ni kama fuko ndo ananifuga mimi. Nina kipande cha shamba nyuma ya nyumba nimeweka karoti, viazi vitamu na kabichi, afu mbele kuna ukoka ambao nimeuhangaikia karibu mwaka mzima mpaka ukashona vizuri. Ilianza na kichuguu kimoja pembeni ya fensi nikasema aa hiki kimoja tu kitaniua nini, wiki iliyofuata vikawa sita, leo asubuhi nimehesabu 23 huku shambani peke yake. Juzi nimeona kwa macho yangu mche wa kabichi unatikisika, upepo hakuna, unatikisika tu, afu ukaanza kuzama taratibu kama kuna mtu anauvuta kwa chini, mimi nimesimama na ndoo mkononi naangalia kama mjinga mpaka jani la mwisho likapotea. Karoti nazo ukiziangalia kwa juu majani mazuri kabisa, ukivuta unatoka na majani na kipande cha juu kama kifuniko cha chupa, chini kote kumeliwa na alama za meno zimebaki.

Nilitafuta mitego mitatu ile ya chuma ya mkasi yenye springi, hii ni wiki ya pili natega. Ninachofanya nafukua katikati ya kichuguu, nadidimiza mtego, nauacha wazi ili nikipita nione kama umefyatuka. Kila asubuhi ni yaleyale, mtego umejaa udongo mpaka juu na umeshindiliwa kama fundi wa sakafu kapita usiku. Mara mbili nimeukuta umefyatuka ila ndani hakuna kitu.

Kwenye ukoka sasa ni tofauti kidogo, vichuguu hamna, ila kuna mistari imeinuka kama mishipa ya mkono, ukiikanyaga inazama. Nakosea wapi? Chambo gani kinamvuta? Na kama kuna sumu ya uhakika niambieni tu, huruma imeniisha.

jembe_kuukuu
Mkuu nimecheka hapo pa ndoo mkononi samahani. Mi nakaa hapa nasubiri wataalamu maana wa kwangu alikula muhogo tangu mizizi ikiwa midogo, nimekuja kujua siku ya kung'oa. Shina limesimama, chini pango.

mzee_wa_kitanzi
Karoti pole sana. Nimetega fuko tangu nikiwa mtoto wa kutumwa na jirani, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo, uvumilie.

Huo udongo kwenye mtego sio bahati mbaya, ndo jibu lenyewe. Fuko anaishi kwenye giza na hewa iliyotulia. Ukitoboa paa la njia yake upepo unaingia, mwanga unaingia, na yeye akishahisi hivo kazi ya kwanza ni kusukuma udongo mbele yake mpaka tundu lizibe. Sasa wewe mtego umeuacha wazi ili uone vizuri, kwa hiyo anakuja na mzigo wake wa udongo anausukuma, udongo unafika kwenye kile kibati cha katikati kabla ya pua yake, mtego unafyatuka kwenye udongo mtupu na yeye yuko nyuma mzima kabisa. Zile mara mbili ulizokuta umefyatuka ndo kilichotokea hicho. Mtego wa chuma unataka njia iliyofunikwa kabisa, hata mwanga wa kama tundu la sindano usipite.

Kosa la pili ni kichuguu. Kichuguu ni jalala. Akichimba lazima udongo autoe nje, anautoa kwa kinjia cha pembeni, akimaliza anakifunga na wala hana sababu ya kurudi pale. Umetega wiki mbili jalalani mkuu. Unachotakiwa kukipata ni barabara yenyewe, ile anayopita kila siku kwenda kula na kurudi. Tafuta vichuguu viwili vipya, vipya maana yake udongo bado mweusi una unyevu haujakauka juu, afu chukua kipande cha nondo nyembamba au kijiti kigumu, uanze kuchoma ardhi kati ya hivyo viwili, unachoma unahama kidogo, unachoma unahama. Ardhi ya kawaida inakukatalia mwanzo mwisho. Ukifika kwenye njia mkono unakataliwa, unakataliwa, afu ghafla kijiti kinazama chenyewe kama umetoboa chapati. Hapo ndo penyewe. Mara nyingi njia kuu zinafuata ukingo, chini ya fensi, kando ya ukuta, kando ya njia ya watu, kwa sababu pale halimwi wala hapavurugwi.

Kabla ya kutega chochote jaribu kwanza kama njia ina mtu. Fungua vitundu kama vinne sehemu mbalimbali, viache wazi usiku mmoja. Kesho vilivyozibwa ndo vina mwenyewe, visivyozibwa achana navyo. Hii ni kazi ya siku moja ila watu hawataki kuifanya, wanataka kutega leoleo.

Kutega sasa. Kata udongo kipande cha ukubwa wa mtego tu, usichimbe kaburi. Toa makombo yote yaliyodondokea ndani kwa mkono, sakafu ya njia ikandamize kwa ngumi iwe ngumu, kwa sababu ikiwa laini fuko anapita chini ya mtego wako anachimba kidogo tu anaendelea na safari. Meno ya mtego yakae sambamba na kuta za njia, mtego ukiugusa usitikisike. Afu funika, kipande cha majani na udongo wake, au ndoo kuukuu ukaigeuza juu yake na udongo ukauzungushia pembeni. Funga mtego kwa waya kwenye kigingi, mbwa wanapenda sana kuhama na hivi vitu. Angalia asubuhi na jioni kila siku, sio kila ukikumbuka, mnyama akinaswa vibaya asikae anateseka siku nzima.

Na angalia upana. Hiyo mitego ya mkasi mingi ilibuniwa kwa ajili ya fuko wa Ulaya ambaye ni mdogo, njia yake ni kama vidole vitatu. Huyu wako anayevuta kabichi ni mtu mwingine kabisa, kwenye njia yake mkono wangu unaingia. Kama mkasi ni mwembamba kuliko njia, anapita pembeni anakusalimia.

Chambo hakuna. Nasema hakuna kwa sababu unatega barabarani, mtu hawekewi chakula barabarani ndo apite, anapita tu kwa kuwa ni njia yake.

dawa_moja
Mnajichosha bure. Chukua vile vidonge vya kuweka kwenye mahindi ghalani, tupia viwili vitatu kwenye njia, ziba, kesho kimya. Mambo ya kuchoma ardhi na vijiti ni ya wasio na kazi.

muuguzi_bustani
@dawa_moja naomba sana ufute hilo ulilosema kabla mtu hajalifuata. Vile vidonge ni fosfidi ya alumini, vikikutana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini, na udongo una unyevu. Gesi hiyo haijui kama imekusudiwa fuko. Karoti kasema shamba liko nyuma ya nyumba, na njia za fuko hazina ramani, inaweza kupita chini ya msingi ikapandia kwenye chumba mtu amelala, na dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini HAKUNA, hospitali tunachoweza ni kumshikilia mgonjwa tukisubiri. Nchi zinazoruhusu kuitumia kwa fuko zinamtaka mtu mwenye mafunzo na kibali, mbali na majengo. Uingereza walikuwa wanatumia sumu ya strikinini kwa fuko miaka na miaka, mwaka 2006 wakaiondoa kabisa. Nimeona watu waliovuta gesi ya hivyo vidonge, sitaki kuhadithia.

Na mwingine asije kusema tia petroli. Mnapanda chakula hapo jamani.

dawa_moja
Sawa dada nimekuelewa ila mimi nilitumia na niko hai.

muuguzi_bustani
Uko hai ndio maana unaandika, asiyekuwepo haandiki.

bibi_mzaa_viazi
Wajukuu, mimi mitego ya chuma siijui. Mimi jembe. Asubuhi na mapema au jua likianza kushuka, nafungua njia yake mpya, naacha wazi, nasimama nyuma ya pale anapotokea, jembe juu. Hapo ndo pa kazi, kusimama. Fuko haoni kitu lakini miguu yako anaisikia kuliko unavyojisikia mwenyewe, ukihamisha uzito mguu huu kwenda huu ameshajua, harudi mpaka kesho. Usikohoe. Kivuli chako kisiangukie tundu sijui kama kina maana ila mimi nakiepusha. Baada ya muda unaona udongo unaanza kusogea, unakuja kidogo unarudi, unakuja unarudi, huyo anapima. Akija mara ya tatu na shehena kubwa nakata nyuma yake, sio juu yake, NYUMA, ili njia ya kurudi ifungwe, afu namchimbua kwa utulivu. Ukipiga juu unapata udongo na hasira.

Siku moja nimesimama saa nzima, mbu wamenila, udongo ukaja, jembe likashuka, nikakata bomba la maji. Mume wangu mpaka leo akiona fuko anacheka.

nyasi_kimyakimya
Nimesoma yote ila hakuna aliyegusa ukoka na nadhani hapo kuna jambo. Karoti, shambani kwako kuna alama za meno na miche inavutwa. Kwenye ukoka umeona jani lolote limetafunwa? Mzizi wowote? Nauliza kwa sababu kwa Kiswahili tunaita wote fuko lakini ni wanyama tofauti kabisa, tena kabisa.

Kuna fuko wa meno, huyo ni jamaa wa panya, ana meno manne makubwa mbele anachimbia hayohayo, anakula mizizi, viazi, karoti, migomba. Huyo ndo adui wa shamba. Afu kuna wala wadudu. Fuko wa Ulaya yuko kundi hilo, yeye hata ukimpa karoti haijui, anakula nyungunyungu na mabuu, na nyungunyungu wakiwa wengi anawang'ata kichwani wasiweze kukimbia anawarundika stoo wakiwa hai, stoo moja inaweza kuwa na mamia. Anachimba kwa viganja vimegeuka nje kama makoleo. Na Afrika tuna fuko wa dhahabu, manyoya yanang'aa, macho yamefunikwa na ngozi kabisa, naye anakula wadudu na nyungunyungu, na huwezi kuamini ila kiukoo yuko karibu na tembo kuliko alivyo karibu na panya au na huyo fuko wa Ulaya. Wamefanana kwa kazi tu, kama watu wawili wanaovaa ovaroli.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mistari iliyoinuka kwenye nyasi bila kitu kuliwa ni mtu anayefuata wadudu juujuu, mara nyingi njia ile anaipita mara moja tu harudi tena, ukitega pale utasubiri mpaka nyasi ziote juu ya mtego. Kanyaga mstari urudi chini, mwagia maji mizizi isikauke, kesho angalia kama ameuinua tena palepale. Akiinua ndo ni njia ya kudumu. Asipoinua ameshaenda zake. Na kiukweli huyo anakula mabuu ambayo yangekula mizizi ya ukoka wako, mimi wa kwangu nilimwacha, uzuri wa nyasi ulipungua kwa miezi kadhaa afu akahama mwenyewe. Najua mwenye ukoka wake hapendi kusikia hivyo.

Pia uliza sheria za pale ulipo. Ujerumani kwa mfano fuko wa Ulaya analindwa, ukimuua una kesi.

jembe_kuukuu
Tembo???? Sawa.

mfugaji_mtulivu
Naongezea upande wa malisho maana watu wanadhani fuko ni shida ya bustani tu. Majani ya kuvunia saileji, yaani majani mabichi yanayoshindiliwa bila hewa yawe chakula cha mifugo, yakiwa na vichuguu, mashine inakata inabeba na udongo, udongo ule ukishaingia kwenye saileji unaleta bakteria wa listeria, kondoo ndo wanaathirika zaidi, mara kondoo anaanza kuzunguka upande mmoja tu kichwa kimeinama, kumbe chanzo kilikuwa vichuguu vya miezi mingi nyuma. Afu visu vya mashine vinakwisha. Mimi kabla ya kukata napita na reki nasambaza vichuguu vyote, na ule udongo laini nachota kidogo kwa ajili ya vyungu vya maua, ni mzuri sana hauna hata jiwe.

Na mifugo inajikwaa. Hata wafalme. William wa Tatu wa Uingereza mwaka 1702 farasi wake alijikwaa kwenye kichuguu cha fuko akamwangusha, akavunjika mtulinga, wiki mbili na kitu baadaye akafa. Maadui zake walikuwa wakiinua glasi kwa heshima ya "bwana mdogo mwenye koti la mahameli nyeusi". Ndo fuko huyo.

karoti_zangu
Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu hivi. Sumu nimeachana nayo, dada muuguzi umenitisha vizuri. Nimekagua ukoka, nyasi hazijaliwa hata moja, kweli ni mistari tu, nimeikanyaga yote jana.

Shambani nimefanya lile jaribio la vitundu vinne. Leo viwili vimezibwa, na kimojawapo ni kile cha chini ya fensi kama mzee alivyosema. Nimechoma na nondo, kile kitu cha kuzama ghafla nimekisikia mkononi nikaruka! Ila shida njia ni pana, mkasi wangu unacheza ndani. Mzee_wa_kitanzi jina lako linanipa matumaini, kitanzi kinategwaje?

ujanja_ujanja
Msaada wa haraka: bigijii. Unatupia bigijii kwenye njia, akila tumbo linaziba. Pia chupa unazifukia mdomo juu zinapiga mluzi anakimbia.

nyasi_kimyakimya
Bigijii haijawahi kumuua fuko yeyote, anaisukuma nje kama takataka. Chupa na vile vijiti vya kutetemesha ardhi nilivijaribu vyote, kichuguu kilitokea hatua mbili kutoka kwenye kijiti. Fuko anazoea kelele kama sisi tunavyozoea kelele za jirani.

Na kuna ushauri mwingine mtaupata wa kuweka vipande vya glasi au miba. Msifanye. Mbali na ukatili wenyewe, mwaka ujao mkono unaochimba viazi hapo ni wa kwako.

mzee_wa_kitanzi
Karoti, haya. Kitanzi kinatumia tabia ileile inayokuharibia mtego wa chuma, safari hii tunataka aje na udongo wake.

Unahitaji ufito wa mti mbichi unaopinda bila kuvunjika, urefu kama wa mkono na nusu, waya laini mwembamba, kamba nyembamba, na vijiti. Fungua njia, safisha. Waya tengeneza kitanzi cha ukubwa uleule wa njia, ukiingiza kilale kwenye kuta kote juu, chini na pembeni, asikione wala asikiguse akiwa anapita, na kikae ndani kidogo kutoka kwenye mdomo uliofungua, kama shubiri moja. Juu ya kitanzi toboa mpasuko mwembamba kwenye paa, mwisho wa waya utokee hapo ukaungwe na kamba. Ufito uchomeke ardhini imara upande wa pili, uupinde, kamba ya kitanzi ifungwe kwenye ncha yake. Kinachozuia ufito usiruke ni kijiti kifupi kilichoegeshwa mdomoni mwa njia, pale ambapo udongo wake utafika. Fuko anakuja, anahisi upepo, anasukuma udongo kuziba, udongo unagonga kijiti, kijiti kinatoka, ufito unaruka juu, na wakati huo mwili wake uko katikati ya kitanzi nyuma ya mzigo wake. Ndo maana nikasema shubiri moja, kitanzi kikiwa mdomoni kabisa utanasa udongo, kikiwa mbali sana atakuwa hajakifikia.

Paa lile lililobaki juu ya kitanzi liwe gumu maana ndo anabanwa hapo. Likiwa jembamba linapasuka, kitanzi kinatoka na bonge la udongo na wewe unabaki kulalamika humu.

Hujui atatokea upande gani kwa hiyo ukifungua njia katikati tega pande zote mbili, fito mbili. Mikono paka udongo wa tundu lilelile. Kuhusu harufu ya binadamu watu wanabishana miaka yote, mimi sibishani, udongo upo hapohapo napaka basi. Mtego mpya wa chuma wenye harufu ya oili ufukie siku chache kwanza.

Kitanzi kama ule wa chuma, kikaguliwe. Na fito zifunge kitambaa zionekane, mtoto asije akaweka jicho.

karoti_zangu
JAMANI. Siku ya kwanza hakuna kitu, ufito mmoja uliruka wenyewe usiku, nadhani kijiti kilikuwa kimeegeshwa kiroho juu. Siku ya pili udongo umesukumwa mpaka kwenye kijiti ukaishia hapo, kama alisita. Leo asubuhi natoka na chai naona ufito wa upande wa fensi umesimama wima. Nimevuta waya polepole, mzito. Amenasa kiunoni, alikuwa ameshakufa.

Nimemweka kwenye karatasi nimemwangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Meno ya mbele rangi ya chungwa, marefu, na mdomo umefunga NYUMA ya meno, yaani meno yako nje hata akifumba mdomo, nadhani ndo anachimba bila kula udongo. Vijicho kama mbegu za mchicha. Manyoya laini ajabu, hasira yangu ikapungua kidogo nikasema we mdogo hivi ndo umenimalizia tuta tatu.

Sasa swali, vichuguu 23 maana yake wamebaki 22?

mzee_wa_kitanzi
Hongera sana, wa kwanza ndo mgumu.

Hapana mkuu, vichuguu havihesabiwi hivyo. Huyo wa kwako anaishi peke yake, kila mmoja na nyumba yake, wanakutana kwa ajili ya kuzaa tu. Vichuguu 23 kwenye kipande cha nyuma ya nyumba wanaweza kuwa wawili, anaweza kuwa huyohuyo mmoja. Kuna aina nyingine, wale wasio na manyoya kabisa, ndo wanaishi makumi kwa makumi na malkia wao, kwa hao ukinasa mmoja umenasa mfanyakazi tu, ila wa kwako sio hao.

Rudia jaribio la vitundu lote upya. Vikizibwa bado kuna mtu. Visipozibwa siku mbili tatu una mapumziko.

Mapumziko nasema, sio mwisho. Nyumba yake iko tayari, imechimbwa, imesafishwa, jirani wa ng'ambo ya fensi akigundua kimya anahamia bila kodi. Kwa hiyo ile njia ya chini ya fensi usiifukie ukaisahau. Weka alama, kila wiki toboa kitundu kimoja pale, angalia kesho yake. Ndo geti lao.

bibi_mzaa_viazi
Umefanya vizuri mjukuu wangu. Ila kaa na jembe karibu.

karoti_zangu
Taarifa ya mwisho kwa leo. Vitundu vinne, siku ya tatu, vyote wazi, hata buibui ameshaanza kutandaza kwenye kimoja. Kule kwenye ukoka mistari yote niliyokanyaga imelala isipokuwa mmoja kando ya njia ya kuingilia nyumbani, huo kila asubuhi umeinuka tena. Nimeuacha. Mke wangu anasema kwa nini wa huku unamwachia, nikamwambia huyu ni ndugu yake tembo, ameniangalia hajaniuliza tena.

jembe_kuukuu
Mzee, kitanzi kwenye muhogo shubiri moja ileile? Nina fito tayari.

mzee_wa_kitanzi
Ileile. Ila kwa muhogo fungua njia kati ya mashina mawili, usifungulie chini ya shina, paa linakuwa na mizizi waya haupiti.